Je, Wajua? Upepo, Mizani na Vyombo Vinavyoelea

Je, wajua kwamba hewa ya Ziwa Kivu ni nyepesi kuliko ya baharini? Ziwa letu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho mita moja ya ujazo ya hewa ina karibu kilo 1 tu. Kanuni ya MODU, ambayo Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) liliitoa kwa ajili ya majukwaa ya kuchimbia baharini, inapiga hesabu kwa hewa ya kilo 1.222. Kwa hiyo upepo wa kasi ileile unausukuma ukuta wa chombo cha Kivu kwa nguvu iliyopungua karibu sehemu moja ya sita. Huku kwetu Miti, ukipanda kutoka Bukavu kuelekea Kavumu, hewa ni nyepesi zaidi.

Lakini nafuu hiyo haidumu. Nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Upepo wa ziwani ukizidi ule wa baharini kwa asilimia 10 tu, wepesi wote wa hewa umeshalipwa.

Je, wajua handaki la upepo ni nini? Ni chumba kirefu chenye feni kubwa mwishoni. Ndani yake hufungwa mfano mdogo wa meli au jukwaa juu ya mizani inayopima mambo sita kwa pamoja: nguvu za pande tatu, na msokoto wa kuzunguka kila moja ya njia hizo tatu. Kisha mfano huzungushwa hatua kwa hatua, upepo uupige usoni, ubavuni na mgongoni.

Umbo ndilo linaloamua mengi. Kwa Kanuni ya MODU, tufe hupewa kizidisho cha nguvu ya upepo cha 0.4, nguzo ya mviringo 0.5, ukuta bapa 1.0, mnara wa kuchimbia 1.25, na boriti zilizo wazi chini ya sakafu 1.3. Boriti hizo, ambazo abiria hata hazioni, zinashika upepo kuliko ukuta!

Jukwaa la bahari kuu linatakiwa listahimili upepo wa mita 36 kwa sekunde likiwa kazini, na mita 51.5 kwa sekunde katika dhoruba kali. Kwa kasi hiyo ya pili, kila mita ya mraba ya ukuta bapa inasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 165 hivi, zaidi ya mifuko mitatu ya saruji.

Je, wajua kwamba maabara mbili mashuhuri ziliwahi kupima tufe la aina moja na kupata majibu yaliyopishana zaidi ya mara mbili? Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris, alijenga handaki la upepo mwaka 1909, kisha lingine mtaa wa Auteuil mwaka 1912. Huko Göttingen, Ujerumani, Ludwig Prandtl alikuwa na lake. Nambari ya Wajerumani ya nguvu ya upepo ilikuwa kubwa, ya Eiffel ndogo, na kila upande ulikuwa na vyombo vizuri. Mwaka 1914 Prandtl alizungusha waya mwembamba kwenye tufe lake, akaitibua hewa iliyo karibu kabisa na ngozi ya tufe, na nguvu ikashuka hadi kukaribia ile ya Paris. Hakuna aliyekuwa amekosea kupima. Namna hewa ilivyopita juu ya tufe ndiyo iliyotofautiana.

Tangu hapo wahandisi wamekuwa wakidai jambo moja kwa ukaidi: usiniletee nambari bila kuniambia ulivyoipata. Upepo ulipimwa kwa kimo gani? (Desturi ya baharini ni mita 10 juu ya maji.) Ni wastani wa saa nzima, wa dakika moja, au mpigo wa sekunde 3? Upepo ulikuwa umetulia au umetibuka kiasi gani? Mfano ulijaza sehemu gani ya handaki, maana ukiwa mkubwa mno hewa inabanwa kati yake na kuta na kukimbia kuliko ilivyopaswa? Mwaka 1988 chama cha wahandisi wa meli cha Marekani, SNAME, kilitoa mwongozo wa kupima majukwaa ya kuchimbia katika handaki la upepo. Wenye matangi ya kupimia meli walikwisha kuanza kukutana The Hague mwaka 1933, na jumuiya iliyozaliwa huko, ITTC, bado inaandika taratibu za vipimo.

Upepo wa chini ni wa polepole, wa juu ni wa kasi. Basi sakafu ya handaki hupangwa vibao na vikwaruzo mbele ya mfano ili hewa ifike ikiwa na ngazi hiyo ya kasi. Sakafu ya kuiga bahari huwa laini kuliko ya kuiga mji. Vilima vya Kabare vinavyoshuka hadi majini vingehitaji sakafu yao wenyewe.

Je, wajua kwamba hata mkondo wa maji hupimwa kwa hewa? Mfano hukatwa kwenye mstari wa maji. Sehemu ya juu hupimwa kwa upepo. Ile ya chini hupinduliwa, tumbo juu, na kupulizwa katika handaki lilelile ili kujua mkondo utaisukuma vipi.

Jukwaa likishainama, upepo huingia chini ya sakafu na kuliinua. Ndiyo sababu Kanuni ya MODU inataka vipimo vya handaki vifanywe kwa pembe mbalimbali za kuinama, vihesabu msukumo na mwinuko pia.

Afrika Mashariki tunalo jitu la aina hii. Coral Sul, kiwanda cha gesi kinachoelea nje ya Cabo Delgado, Msumbiji, kina urefu wa mita 432 na upana wa mita 66, juu ya maji ya kina cha takribani mita 2,000. Shehena ya kwanza iliondoka Novemba 2022. Nanga zake zimekusanywa kwenye mhimili mmoja ili chombo kizima kizunguke kufuata upepo na mawimbi. Na dhoruba si ngeni huko: Kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyohiyo Aprili 2019.

Na Kivu? Upande wa Rwanda, tishari la KivuWatt hunyonya maji yenye methani kutoka kina cha mita 350 hivi na kupeleka gesi Karongi, kwenye mtambo wa megawati 26 uliozinduliwa 2016. Hakuna meli inayoweza kupanda Ruzizi kutoka Tanganyika kuja Kivu. Kwa hiyo tishari liliunganishwa papo hapo ufukweni.

Pepo za kiangazi, Juni hadi Agosti, huchanganya maji ya Kivu hadi kina cha mita 60 hivi. Hazigusi gesi iliyolala chini zaidi.

Wavuvi wa Kivu wa samaki wadogo waitwao sambaza hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu. Kuutanua msingi juu ya maji ili chombo kisilale ndiko kunakofanywa pia na majukwaa ya bahari kuu yanayosimama juu ya nguzo zilizoachana. Ustadi huo wa wavuvi wetu unastahili kufundishwa darasani.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, iliyojaa kupita kiasi, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakitazama kutoka ufukweni. Makumi walikufa. Nasema hivi kwa uchungu: kipimo cha kwanza ambacho boti za Bukavu na Goma zinakihitaji hakidai handaki wala feni.

Kinaitwa jaribio la kuinamisha. Chukua boti ya tani 40 katika maji tulivu, ndani ukiwa umetundika timazi ya mita 2. Hamisha mifuko 10 ya saruji, kilo 500, mita 3 kutoka ubavu mmoja kwenda wa pili. Timazi ikisogea sentimita 5, kimo cha uthabiti, yaani kipimo cha jinsi boti inavyokataa kulala, ni mita 1.5. IMO inataka kisipungue mita 0.15, na kila abiria anayepanda juu ya paa anakipunguza. Nambari hiyo ikishaandikwa kwenye cheti cha boti, mkuu wa bandari anaweza kupiga hesabu ya watu wa juu na wa chini, na upepo wa ubavuni, kabla tiketi hazijaanza kuuzwa.