Bigwa: Mizani kwanza, kompyuta baadaye

Barabara ya Kisaki inaanzia Bigwa, pembezoni mwa mji wa Morogoro, na ndiyo inayoteremsha mazao ya upande wa mashariki wa milima ya Uluguru: ndizi, matunda, karafuu, mdalasini na pilipili manga kutoka Mkuyuni, Kinole na Matombo. Mfanyabiashara anayepokea mzigo hapo huendesha kazi yake kwa madaftari matatu, la manunuzi, la stoo na la wadeni, na mara nyingi hayakubaliani.

Dawa inayonadiwa na wauzaji wa programu ni mfumo mmoja wa kompyuta unaounganisha shughuli zote za biashara, maarufu kwa herufi za ERP. Karani wa stoo akiandika mzigo uliopokelewa, deni la mkulima na thamani ya mali iliyopo hubadilika papo hapo, bila mtu wa pili kunakili chochote. Si jambo jipya: kampuni ya SAP ya Ujerumani imekuwa katika biashara hii tangu 1972.

Tatizo la Bigwa linaanzia mlangoni mwa stoo. Programu nyingi za bei nafuu zimetengenezwa kwa ajili ya duka, ambako kilichoingia ndicho kitakachotoka. Karafuu haziko hivyo. Takriban kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kilo 1 kavu, na pilipili manga hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mfumo wa duka ukiona kilo 300 zimeingia na kilo 100 zimetoka, utaripoti upotevu wa kilo 200, na karani asiye na kosa ataitwa mwizi.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Kilo 300 mbichi zikinunuliwa kwa Sh. 4,000 kila moja, gharama ni Sh. 1,200,000. Zikitoka kilo 100 kavu, kila kilo imegharimu Sh. 12,000 kabla ya kulipia vibarua na usafiri. Zikitoka kilo 90, kwa sababu ya mvua au uanikaji mbaya, gharama inapanda hadi Sh. 13,333. Tofauti hiyo ya Sh. 1,333 ndiyo faida yenyewe kwa wengi, na daftari haliionyeshi. Kwa hiyo anayehitaji mfumo ahakikishe una sehemu ya uzalishaji, inayotambua mali ghafi kugeuka bidhaa nyingine, na asikubali kuuziwa sehemu za mishahara na magari ambazo hatazifungua kamwe.

Jingine ni vipimo. Lumbesa ni marufuku kisheria, lakini debe, tenga na mkungu unaopimwa kwa macho bado vinatawala biashara ya mazao. Kompyuta itapokea neno “tenga” bila ubishi. Haitajua kwamba tenga la leo si la jana. Mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo ni matumizi ya kwanza ya mradi huu, ingawa muuzaji wa programu hapati kitu hapo.

Kununua au kutengeneza? Wizara ya Fedha iliachana na Epicor, programu ya kigeni, na kutumia wataalamu wa ndani kutengeneza MUSE, Mfumo wa Ulipaji Serikalini. Ni mfano wa kutia moyo, ila wizara ina watumishi wa kuutunza mfumo mwaka hadi mwaka. Mfanyabiashara wa Bigwa huwa na kijana mmoja aliyehitimu chuo, naye akipata kazi Dar es Salaam huondoka na ufunguo wa mfumo kichwani. Njia ya kati ni programu za wazi kama ERPNext ya India au Odoo ya Ubelgiji, ambazo toleo la msingi halidai ada ya leseni. Fedha huenda kwenye kuzirekebisha, kufundisha makarani na kuziunganisha na stakabadhi za kodi za TRA. Bila muunganisho huo kila mauzo yataandikwa mara mbili.

Aidha, mfumo unaotegemea intaneti peke yake ni hatari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na nchi ikakumbwa na mtandao mbovu. Karani lazima aweze kupokea mzigo hata siku kama hiyo.

Vile vile usiwashwe wakati wa mavuno. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, waliwasha mfumo wao mwaka 1999 karibu na msimu wao mkubwa. Mali ilikuwapo ghalani, lakini oda za takriban dola milioni 100 hazikuwafikia wateja. Kwa Bigwa, daftari na kompyuta viende pamoja msimu mzima, vikilinganishwa kila wiki.

Ulinganisho huo uanze na fedha anazotangulizwa mkulima kabla ya kuvuna, ambazo wengi huziandika popote penye nafasi. Mahali pake ni kwenye wadeni. Zikiingizwa kama manunuzi, mizania itaonyesha stoo imejaa karafuu ambazo bado ziko mtini Kinole.