Je, Wajua? Meli Iliyojengwa Ikae Palepale

Meli hujengwa isafiri. Hii ilijengwa itie nanga baharini na isiondoke. Jina lake ni Nantucket, nambari yake LV-112, na siku hizi ni makumbusho katika bandari ya Boston, Marekani. Je, wajua kwamba…

• Meli ya taa ni mnara wa taa unaoelea? Huwekwa mahali ambapo kujenga mnara ni shida, kwa sababu maji ni ya kina au chini ni mchanga unaohamahama. Kusini ya kisiwa cha Nantucket kuna mafungu ya namna hiyo, tena kandokando ya njia ya meli zitokazo Ulaya kwenda New York.

• Marekani haikuwa ya kwanza? Uingereza iliitangulia kwa meli ya taa ya Nore, kwenye mlango wa mto Thames, mwanzoni mwa miaka ya 1730. Marekani ilipata yake ya kwanza mwaka 1820, katika Ghuba ya Chesapeake. Zamu ya Nantucket ilifika 1854.

• Mabaharia wa Nantucket walikuwa wasusi? Miezi ya kukaa nangani ni mirefu, nao waliipitisha kwa kusuka vikapu vya henzirani. Vikapu vya mtindo huo vinasukwa kisiwani hadi leo, na bei yake si ya kwendea sokoni.

• Taa haitoshi penye ukungu? Ndiyo maana meli hizi zilikuwa na honi, kisha zikafungwa redio. Mwaka 1921 meli ya taa ya Ambrose, karibu na New York, ilianza kurusha ishara ya redio ambayo nahodha aliweza kuifuata bila kuona kitu.

• Msaada huo ulikuwa na hatari yake? Nahodha anayeifuata ishara moja kwa moja, asipopinda mapema, huikuta meli ya taa mbele ya omo yake. Januari 1934 meli ya abiria Washington iliikwaruza ubavuni LV-117, iliyokuwa zamuni Nantucket wakati huo.

• Miezi minne baadaye bahati iliisha? Tarehe 15 Mei 1934, ndani ya ukungu, meli ya abiria Olympic, pacha wa Titanic, ilikuja ikiifuata ishara ya LV-117. Iliigonga na kuizamisha. Kati ya mabaharia 11, waliopona ni wanne tu.

• LV-112 ni fidia? Olympic ilikuwa meli ya Uingereza, hivyo Uingereza ililipa, na kwa fedha hizo meli mpya ikajengwa Wilmington, Delaware, kwa takriban dola 300,000. Ilikamilika 1936 ikiwa na urefu wa mita 45 hivi, kubwa kuliko meli zote za taa za Marekani. Safari hii mafundi waliipa gamba maradufu.

• Olympic haikupata kuiona? LV-112 ilipotia nanga, Olympic ilikuwa Jarrow, Uingereza, ikibomolewa kwa ajili ya vyuma vyake.

• Vita navyo havikuziacha? Mwaka 1918 nyambizi ya Kijerumani iliizamisha meli ya taa LV-71 kwenye mafungu ya Diamond, North Carolina, baada ya kuwaachia mabaharia wake wakimbie kwa mashua. Katika Vita vya Pili vya Dunia, LV-112 iliondolewa kituoni 1942, ikapelekwa Portland, Maine, kukagua vyombo vinavyoingia bandarini. Ilirudi kituoni 1945.

• Ilistaafu mwaka 1975? Wenzake waliendelea na zamu hadi Desemba 1983, meli ya taa ya mwisho ya Marekani ilipoondoka Nantucket na kuliachia kazi boya kubwa.

• Iliuzwa kwa dola moja? Ilitangazwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1989, lakini heshima haizuii kutu. Mwaka 2009 wapenzi wa meli za taa waliinunua kwa dola hiyo moja, na mwaka uliofuata ikavutwa hadi Boston kukarabatiwa.

Ukifika Boston, itafute upande wa mashariki wa bandari. Ni nyekundu, na jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi nyeupe kubwa. Ukipanda, kumbuka kwamba ipo kwa sababu watu saba walikufa.