Kibuyu cha Njoro, Wimbo wa Kapkatet

Kwenye ukuta wa sebule yetu hapa Litein nimebandika karatasi za manila. Miaka inashuka kando. Juu nimepanga mahali: China, Meksiko, Ulaya, Ife, Pwani yetu, na mwisho nchi ya majani chai, Kericho na Bomet. Nataka watoto wa nyumba hii waone nani alikuwa akifanya nini wakati uleule.

Karne ya 14 ilinipa raha kubwa. Giotto alipomaliza kuchora kuta za kanisa dogo la Padua, Italia, mnamo 1305, Kilwa ilikuwa inakaribia kujenga Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe linalotazama bahari. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Na karibu na zama hizo mafundi wa Ife walikuwa wakisubu vichwa vya shaba vyenye nyuso tulivu kama za watu walio hai. Vitabu nilivyosomeshwa vilianza na Padua na kuishia Padua.

Lakini safu yetu ilibaki nyeupe, na weupe ule uliniuma. Ufundi wetu Wakipsigis ulikaa kwenye kibuyu, ngozi, shanga na sauti. Sotet, kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, husuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, ikapambwa shanga, ikatumika miaka na miaka, kisha siku moja ikapasuka. Hakuna makumbusho yaliyoingoja.

Nikakumbuka Njoro, jirani yetu upande wa Nakuru. Mwaka 1938 wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba pango ambamo wafu walichomwa miaka 3,000 hivi iliyopita, wakiwa na shanga zao za mawe. Moto uligeuza vibuyu na chombo cha mti kilichonakshiwa kuwa makaa, na makaa hayaozi. Siwaiti watu wale Wakipsigis. Nimewaandika kama majirani wa kale. Hata hivyo wako mstari mmoja na vyombo vya shaba vya China ya Shang na vichwa vikubwa vya mawe vya Waolmeki.

Shangazi alitazama, akauliza: "Sasa hapo ilikuwa ipinda gani?" Kwake wakati ni ipinda, yaani marika: Maina, Chumo, Sawe na wenzao, yanayopokezana hadi jina lirudi baada ya zaidi ya miaka 100. Mistari yangu yote ilikuwa ikishuka tu. Nikamchorea duara pembeni, akanitajia majina mwenyewe.

Kisha tukafika 1950. Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi, alirekodi mara ya kwanza mwaka 1927 na kufariki 1933, lakini santuri zake zilisafiri mpaka kwetu. Wasichana wa Kapkatet wakalitamka jina lake Chemirocha, wakamfanya nusu mtu, nusu paa, wakamwimbia kwa kinubi. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, aliwarekodi mwaka huohuo ambao Jackson Pollock alikuwa akinyunyiza rangi kwenye turubai huko New York. Kanda zilikwenda Afrika Kusini. Nakala zilirudishwa Kapkatet miaka ya 2010.

Nikachora mshale mwekundu kutoka Mississippi hadi Kapkatet. Shangazi akanipokonya kalamu, akaongeza wa kurudi, maana Wamarekani nao sasa wanamsikiliza Chemirocha.