Mbona Hukupiga Kelele?

Mtu akikutana na ndovu usiku kule Sagalla, akasimama tuli kama gogo hadi mnyama akapita, asubuhi kijiji kizima kitamwambia ashukuru Mungu. Hakuna atakayemuuliza mbona hakukimbia. Lakini mwanamke akivamiwa kwenye kichochoro cha Voi baada ya kushuka matatu jioni, akaganda vivyo hivyo, swali la kwanza kumpokea ni hili: mbona hukupiga kelele? Mwili ni mmoja, hofu ni moja. Tofauti iko kwa majirani.

Takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta ni mbuga za Tsavo, na hapa kila mtu anajua kwamba mbele ya ndovu ushujaa hauna kazi. Ujuzi huo tunausahau pale mshambuliaji anapokuwa na miguu miwili.

Hatari inapozuka ghafla, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga king'ora kabla sehemu inayofikiri haijapata habari. Moyo unaenda mbio, damu inakimbilia misuli. Kuna anayetimua mbio na kuna anayepigana. Njia zote mbili zikionekana kuzibwa, mwili unaganda: miguu haisogei, sauti haitoki, ingawa mara nyingi mtu mwenyewe anaona kila kinachotendeka. Mwaka 2017 watafiti wa Stockholm, Sweden, walichapisha matokeo ya wanawake 298 waliofika kliniki ya dharura baada ya kubakwa. Asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa. Walioganda ndio pia walioonekana zaidi kuwa na kiwewe na sonona miezi 6 baadaye, na si ajabu, kwani wengi hubaki wakijihukumu kwamba waliruhusu. Jirani anapouliza swali lake, anaongeza chumvi kwenye kidonda ambacho tayari mtu anakikwangua mwenyewe.

Je, mafunzo ya kujihami yanafaa? Yanafaa, tena kuliko wanavyodhani wanaoyacheka. Mwaka 2015 utafiti wa vyuo vikuu vitatu vya Kanada, uliohusisha wanafunzi wa kike 893, ulionyesha kuwa waliopitia mafunzo ya saa 12 walibakwa kwa kiwango cha asilimia 5.2 katika mwaka uliofuata, ilhali wenzao ambao hawakufunzwa walifikia asilimia 9.8. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo haikuwa ngumi wala mateke. Walifundishwa kutambua mapema mtu anayevuka mipaka, kuacha adabu ya kuogopa kumuudhi, na kukataa kwa sauti ya juu. Wavamizi wengi ni watu wanaofahamika: rafiki, jamaa, jirani. Kumkataa mtu uliyezoea kumwamkia kila siku ni kugumu kuliko kumpiga teke mgeni, na ndiyo maana kunahitaji mazoezi, kwa mdomo na kwa mwili, hadi kuzoeleke. Lakini tazama tena takwimu hizo: hata waliofunzwa, baadhi walibakwa. Mafunzo hupunguza hatari. Yakigeuzwa kipimo cha kumlaumu aliyeshindwa kujinasua, heri yasifundishwe.

Sheria, kwa kweli, ina huruma kuliko baraza la kijiji. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinapeleka suala la kujitetea kwenye misingi ya sheria ya Uingereza, na katika kesi ya Palmer kutoka Jamaika, mwaka 1971, majaji wa rufaa huko London walikubali kwamba aliyevamiwa hawezi kupima nguvu zake kwa mizani wakati roho iko mkononi. Nguvu utakazotumia ziendane na hatari unayoiona. Mshambuliaji akishatoroka, kumfuata kwa mawe ni kisasi, na hapo unaweza kushtakiwa wewe.

Baada ya tukio ndipo mambo yanapofichika. Chukua mfano wa mama aliyevamiwa, anayeuza sukuma wiki sokoni Voi. Miezi miwili imepita, makovu yamepona, lakini bodaboda ikipunguza mwendo nyuma yake, anaangusha kikapu. Anafunga biashara saa tisa alasiri, ilhali zamani aliuza hadi taa ziwake. Watoto wakichelewa kujibu, anafoka, kisha analia jikoni. Nyumbani wanasema amekuwa mvivu na mkali. Polisi nao wanaona maelezo yake yanarukaruka, wakadhani anadanganya, ilhali kumbukumbu za hofu kuu mara nyingi huhifadhiwa vipande vipande.

Wazo kwamba kinachobaki moyoni kinaweza kudhuru halikuja na madaktari. Wataita wa zamani walikuwa na ibada ya kutasa: mtu alitia pombe au maji kinywani, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kuondoa hasira. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1978. Mzee wa enzi hizo asingemcheka mtu anayesema moyo wake haujatulia.

Tuje kwenye la kufanya. Aliyebakwa afike hospitali haraka, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi, kwa sababu dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi huanzishwa ndani ya saa 72 na kila saa ina maana. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Simu ya bure ya 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia. Anayempokea nyumbani ampe maji, amwulize anataka nani awe karibu naye, kisha anyamaze. Kumlazimisha asimulie yote usiku huo hakumponyi. Wengi hupata nafuu kadiri wiki zinavyopita wakiwa na watu wasiowahukumu. Ila jinamizi, kushtuka ovyo au kukwepa njia fulani kukizidi mwezi mmoja, mwone daktari au mshauri nasaha aliyefunzwa kutibu kiwewe, hata kama tukio lenyewe lilikuwa la miaka iliyopita na hujawahi kumweleza mtu.