Mtungi wenye ndevu: chombo cha bia kilichogeuka kinga dhidi ya ulozi

Mwaka wa 2004, katika mtaa wa Greenwich mjini London, mtungi mdogo wa udongo ulifukuliwa kutoka kina cha karibu mita moja na nusu. Ulikuwa mzima, na mdomo wake bado umezibwa. Ulipotikiswa, ndani kulisikika maji na vyuma vikigongana.

Picha za eksirei zilionyesha misumari na pini zimejaa shingoni, ishara kwamba ulizikwa kichwa chini. Mkemia mstaafu Alan Massey alichunguza yaliyokuwemo. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2009: mkojo wa binadamu wenye dalili za tumbaku, misumari 12 ya chuma, pini 8 za shaba, nywele, vipande 10 vya kucha, salfa, na kipande cha ngozi chenye umbo la moyo kilichotobolewa kwa msumari. Kucha zilikuwa zimetunzwa vizuri. Inaonekana mwenyewe hakuwa mtu wa kazi ngumu za mikono.

Waingereza huita kitu hicho chupa ya mlozi. Katika karne ya 17, watu wengi walikizika chini ya jiko au kizingiti cha nyumba ili kujikinga.

Ulitoka Ujerumani

Mitungi mingi ya aina hiyo ilitoka Ujerumani, hasa Köln na mji jirani wa Frechen. Wafinyanzi waliichoma kwa moto mkali sana, kisha wakatupa chumvi ndani ya tanuri. Mvuke wa chumvi ulishikamana na udongo na kuacha ngozi ngumu, inayong'aa, isiyovuja. Shingoni walibandika uso wa mzee mwenye ndevu ndefu, na ndiyo sababu Wajerumani huuita Bartmann, yaani mtu mwenye ndevu.

Haukutengenezwa kwa ajili ya dawa wala uganga. Ulikuwa chombo cha kuwekea bia na mvinyo. Wafanyabiashara waliusafirisha kwa wingi hadi Uingereza, na huko ukapewa jina la Bellarmine, kumdhihaki Kardinali Roberto Bellarmino, adui mkubwa wa Waprotestanti. Lakini kardinali huyo alizaliwa mwaka wa 1542, na nyuso za ndevu zilikuwa zimeanza kubandikwa kwenye mitungi kabla jina lake halijajulikana.

Kwa nini waliuchagua mtungi huu? Watafiti wengi wanataja sura yake: una uso, una tumbo la mviringo, unafanana na mtu. Tena ulikuwa imara, na ulipatikana karibu kila mahali.

Mkojo na pini

Imani yenyewe ilikuwa hivi. Mlozi akimroga mtu, kifungo kinabaki kati yao wawili. Basi mkojo wa mgonjwa ukiwekwa ndani ya chombo pamoja na pini na misumari, maumivu yanamrudia aliyeroga. Atashindwa kukojoa, atateseka, na mwishowe atalazimika kumwachilia mgonjwa. Wengine waliuzika mtungi. Wengine waliuchemsha mkojo motoni.

Hapo ndipo hatari ilipoanza. Mtungi uliozikwa kimya kimya haukumdhuru mtu yeyote. Ule uliochemshwa ulisubiriwa ulete jibu: nani atakuja mlangoni akilia?

Mwaka wa 1682, mahakama ya Old Bailey mjini London ilimhukumu Jane Kent, mama wa miaka karibu 60. Mzozo ulianzia kwenye nguruwe. Jirani yake alikataa kumpa nguruwe kabla hajalipa. Baadaye nguruwe za jirani huyo ziliugua, kisha binti yake wa miaka mitano akafariki, na mkewe naye akashikwa na ugonjwa. Mganga mmoja alimshauri achemshe mkojo wa mke wake pamoja na kucha na nywele zake. Alifanya hivyo, na mbele ya mahakama alisema alisikia sauti ya Jane mlangoni ikipiga kelele, na kesho yake akamwona amevimba.

Hiyo ilikuwa sehemu ya ushahidi. Mashahidi wengine walieleza kwamba Jane ni mchapakazi, mtu mwaminifu, na huenda kanisani. Aliachiliwa huru.

Mwaka huohuo, wanawake watatu wa mji wa Bideford, Temperance Lloyd, Susannah Edwards na Mary Trembles, hawakuwa na bahati hiyo. Walinyongwa huko Exeter. Wanahesabiwa kati ya watu wa mwisho kuuawa kwa kosa la ulozi nchini Uingereza. Sheria ya mwaka wa 1735 ilifuta kosa hilo.

Kinachobaki

Leo mitungi hiyo imewekwa katika makumbusho, na wakusanyaji wa vitu vya kale hulipa pesa kuinunua. Mwaka wa 2019, wataalamu wa London na Chuo Kikuu cha Hertfordshire walianza kuchunguza upya chupa zilizokwisha kupatikana nchini humo, karibu 200.

Kwetu Kivu ya Kusini, habari ya Jane Kent haiko mbali. Mwaka wa 2021, wanawake walioshutumiwa ulozi waliuawa na umati vijijini. Mtoto anakufa, ugonjwa haueleweki, kuna ugomvi wa zamani na jirani, halafu mtu anajitokeza kutaja jina. Jane aliokoka kwa sababu kabla ya hukumu kulikuwa na mahakama, na mbele ya mahakama kulikuwa na majirani waliothubutu kusema: huyu mama tunamfahamu.