Faini ni ndogo, kusimamishwa kazi ndiko kunakofilisi

MWENYE mashine ya kukoboa mpunga pale Mwaya akisikia mkaguzi wa mazingira yuko njiani, huwaza faini. Hapo anakosea hesabu.

Tuchukue mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime. Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) liliutoza Sh5.6 bilioni kwa uchafuzi uliotokana na bwawa lake la topesumu.

Kwa mkulima, fedha hizo zinatisha. Lakini mwaka 2018 mgodi huo ulizalisha zaidi ya wakia 330,000. Kwa bei ya wakati ule, faini yote ililingana na dhahabu ya siku mbili hivi.

Pigo lenyewe lilikuja Julai 2019, NEMC ilipozuia bwawa hilo lisitumike. Mtambo wa kusaga mawe hauwezi kuendelea bila mahali pa kumwaga tope, na mishahara na madeni hayasubiri. Amri iliondolewa Septemba 2019, mwezi ambao Barrick ilikamilisha kuinunua Acacia iliyokuwa ikimiliki mgodi. Baadaye mtambo wa kusafisha maji ulipanuliwa. Gharama iliyokwepwa mwanzoni ililipwa mwishoni.

Hesabu hiyo inamhusu pia mfanyabiashara mdogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa mkaguzi uwezo wa kuingia, kuchukua sampuli na kusimamisha shughuli. Pia inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mashine ikifungwa msimu wa mavuno, mpunga unakwenda kwa jirani, na mteja aliyehama si rahisi kumrudisha. Kuchimba shimo la pumba na kuweka pipa la oili chafu ni nafuu kuliko wiki moja ya kufungiwa.

Kwa mkulima na mvuvi, jambo lina sura nyingine. Kiwira, Mbaka na Lufilyo zinashuka kutoka Rungwe hadi Ziwa Nyasa. Kinachomwagwa juu hufika kwenye majaruba na nyavu za usipa huku chini. Faini haiendi mfukoni mwa aliyeharibiwa maji. Fidia inabidi aidai mwenyewe. Ndiyo maana ukaguzi unaofika kabla ya uharibifu una faida kwake kuliko faini inayotozwa baadaye, hata ikiwa ya mabilioni.