Folda Tupu Baada ya Umeme Kurudi: Diski ya Mtandao katika Kituo cha Afya

Majibu ya kipimo cha kohozi hayapotei pale tu karatasi inapolowa au daftari linapochanika. Katika kituo kinachotumia kompyuta, yanaweza kupotea hata baada ya kuandikwa vizuri na kuhifadhiwa kwa uangalifu, mhudumu akiwa ameshuhudia kwa macho yake kwamba faili limehifadhika. Mgonjwa hurudi siku aliyopangiwa, daktari hufungua kompyuta, na hakuna kitu. Kipimo hurudiwa, nauli hulipwa mara ya pili, na dawa iliyopaswa kuanza leo husubiri wiki nyingine.

Mfano ulio rahisi kuuona ni wa kituo kidogo mahali kama Mitwero, nje kidogo ya mji wa Lindi. Kina chumba cha maabara, chumba cha daktari, dirisha la mapokezi, na ndani ya kabati lenye kufuli kuna seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya wote. Mtaalamu wa maabara huhifadhi majibu katika folda ya pamoja iliyo kwenye seva, na daktari huyasoma akiwa chumbani kwake. Kwa macho ya mtumiaji, folda hiyo huonekana kama diski nyingine ya kompyuta yake, ilhali mafaili yenyewe yamo katika mashine ya chumba kingine. Hiyo ndiyo diski ya mtandao. Kitendo cha kuiunganisha na kompyuta ya mezani huitwa kupachika. Mtu anaweza kuipachika kwa mkono kila asubuhi, au kompyuta ikaelekezwa kuipachika yenyewe kila inapowashwa.

Mpango huu hauhitaji intaneti. Waya za ndani ya jengo zinatosha. Faida hiyo si ndogo kwa pwani ya kusini. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Kilwa, na tarehe 12 ya mwezi huohuo hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ilizorotesha intaneti nchini kote. Katika siku kama hizo, kituo chenye mtandao wake wa ndani huendelea kusoma kumbukumbu zake. Ieleweke hata hivyo kwamba mifumo ya kitaifa kama GoT-HoMIS na DHIS2 ina taratibu zake. Yanayoelezwa hapa yanahusu mafaili ya kawaida: majibu yaliyochapwa, picha za ultrasaundi, fomu zilizoskaniwa, majedwali ya mwezi.

Ugumu huanza umeme unapokatika na kurudi. Kwa miaka mingi mikoa ya Lindi na Mtwara ililishwa na mitambo ya gesi iliyoko Mtwara, nje ya gridi ya taifa, na wakazi wake hawana haja ya kuelezwa maana ya umeme kukatika. Umeme ukirudi, vifaa vyote huamka kwa pamoja lakini havimalizi kuamka kwa pamoja. Kompyuta mpya ya mezani huwa tayari ndani ya nusu dakika. Kifaa kinachogawa mtandao huchukua muda zaidi. Seva, iliyozimika ghafla, huenda ikaanza kwa kukagua diski zake, na kazi hiyo yaweza kuchukua dakika kadhaa. Kompyuta ya maabara huiita seva, haipati jibu, kisha huachana nayo na kuendelea na shughuli nyingine.

Kinachofuata hutegemea aina ya kompyuta. Katika Windows, diski ya mtandao hupewa herufi, kwa mfano Z, na isipopatikana huonyeshwa alama nyekundu ya mkasi pamoja na ujumbe kwamba haikuunganishwa. Mtumiaji hawezi kuhifadhi humo. Akiwa na foleni ya wagonjwa mlangoni, huhifadhi mahali pengine popote, mara nyingi kwenye uso wa kompyuta yake, akijiahidi kuhamisha baadaye. Wachache hukumbuka.

Katika Linux hatari imejificha zaidi. Huko diski ya mtandao hupachikwa juu ya folda ya kawaida iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, mfano wa mkeka uliotandikwa juu ya sakafu. Mkeka usipotandikwa, sakafu ipo palepale, ina jina lilelile, na kama haikufungwa hupokea kila kinachowekwa. Mtaalamu wa maabara hufungua folda aliyoizoea, pengine akashangaa kidogo kuikuta tupu, kisha akahifadhi majibu ya asubuhi nzima. Hakuna onyo. Saa sita mchana fundi anafika, anapachika diski ipasavyo, na mkeka unatandikwa juu ya yale majibu. Hayajafutwa, lakini hakuna anayeyaona: daktari hayaoni kwa sababu hayakufika kwenye seva, na aliyeyaandika hayaoni kwa sababu yamefunikwa. Hapa ndipo upachikaji wa kiotomatiki uliowekwa bila uangalifu unapokuwa mbaya kuliko kupachika kwa mkono, kwa kuwa watumishi huacha kabisa kujiuliza kama diski ipo.

Tiba si ngumu. Kwa fundi wa Linux, mstari wa diski katika faili la /etc/fstab uwe na neno _netdev, linaloieleza kompyuta kwamba diski hii husubiri mtandao. Wengi huongeza nofail ili kompyuta isikwame wakati wa kuwaka, na hawakosei, ila neno hilo likiwa peke yake ndilo huleta ule ukimya uliokwisha kuelezwa. Liandamane na x-systemd.automount. Kwa maagizo hayo diski hupachikwa pale mtumiaji anapoigusa kwa mara ya kwanza, na kama seva haijaamka, mtumiaji hupata ujumbe wa kosa badala ya folda tupu. Kisha, diski ikiwa haijapachikwa, ile folda ya chini ifungwe kwa amri ya chattr +i isiweze kuandikwa chochote. Nenosiri la seva likae katika faili la pembeni ambalo watumiaji wa kawaida hawawezi kulisoma.

Kwa Windows, chaguo la kuunganisha upya kila mtumiaji anapoingia liwekwe alama, na sera ya kompyuta iagize kusubiri mtandao kabla ya kumruhusu mtumiaji kuingia. Katika mifumo yote miwili seva ipewe anwani isiyobadilika, na betri ya akiba ihudumie seva pamoja na kifaa cha kugawa mtandao. Vituo vingi hununua betri kwa ajili ya seva na kukisahau kifaa hicho kidogo. Seva hubaki macho na hakuna awezaye kuifikia.

Kuna hadhari nyingine inayotokana na urahisi wenyewe. Diski iliyopachikwa muda wote hufikiwa na programu yoyote inayoendeshwa kwenye kompyuta hiyo, nzuri au mbaya. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai fidia, kilivuruga hospitali nyingi za Uingereza, na maelfu ya miadi ya wagonjwa yakafutwa. Kilienea kupitia kasoro katika toleo la kwanza la itifaki ya SMB, ileile familia ya itifaki inayotumika kupachika diski za mtandao katika Windows. Marekebisho ya kasoro hiyo yalikuwa yametolewa Machi mwaka huohuo. Toleo hilo la kwanza lizimwe. Aidha, diski ya mtandao si nakala ya akiba: nakala ya kweli iwe kwenye diski ya nje, inayochomolewa na kufungiwa kabatini mara tu kunakili kunapokwisha.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa haki ya kufikia taarifa zake, na kadi au daftari lenye majibu yaliyoandikwa kwa mkono bado ni kinga yake, hasa anapopewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine. Akiambiwa kwamba majibu hayaonekani, ni halali kuomba yatafutwe pia katika kompyuta ya maabara iliyoyaandika kabla ya kutolewa sampuli nyingine.

Mipangilio yote ikishakamilika, ijaribiwe siku isiyo na foleni. Fundi achomoe waya wa mtandao kwenye seva, kompyuta ya maabara izimwe na kuwashwa, kisha mtumishi wa maabara, wala si fundi, ajaribu kuhifadhi faili la majaribio. Likikubali kuhifadhika, kazi haijakwisha.